Betri ya chombo kilichoegeshwa: historia ya kuiangalia ukiwa mbali



Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea betri ya chombo kilichoegeshwa: trekta linalosubiri mvua, pawatila iliyo bandani, au Canter ya mazao isiyo na kazi mpaka mavuno. Mwaka juzi betri moja ililiharibia msimu kundi zima la wakulima ninaowahudumia, na mimi nilikuwa na sehemu yangu ya kosa. Nimeona nianze na historia kidogo, kwa sababu ukijua betri iliangaliwaje zamani utaelewa kwa nini ya leo inakufa huku kila mtu akidhani kuna mwingine anaiangalia.

Gari la mgeni na trekta letu

Miezi michache iliyopita nilipita kwenye kambi moja ya wageni pale Mikumi, kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa. Chini ya mti kulikuwa na gari kubwa lenye namba za nje, lile ambalo ndani lina kitanda, jiko na friji. Wazungu husafiri nalo nchi kwa nchi, wakichoka wanaliacha na kurudi kwao kwa ndege. Nilimuuliza mzee anayelinda kama mwenyewe yupo.

"Hayupo, mwanangu. Yuko kwao Ulaya tangu mwezi wa sita. Lakini juzi kanipigia simu, kasema betri inashuka, hebu nikaangalie juu ya gari. Nimepanda na ngazi, nikakuta upepo umepeperusha turubai limefunika sola. Nimelitoa. Jioni kapiga tena, kasema sasa inapanda."

Mzee alicheka, mimi nikanyamaza. Nilikumbuka trekta la kikundi.

Kikundi kile kilikopeshwa trekta, na aliyekopesha akafunga kifaa cha kufuatilia chombo, kile chenye laini ya simu ndani. Mwezi wa sita kazi zilipoisha, mimi ndiye niliyewashauri waliegeshe bandani na kulifunika vizuri. Nilisisitiza vumbi, panya na matairi. Kuhusu betri sikusema neno. Katikati ya Novemba mvua za kwanza zikashuka, dereva akageuza ufunguo, kimya. Betri ilikataa hata baada ya kuchajiwa usiku mzima. Mpaka fedha ya betri mpya ikachangwa na betri ikaletwa, siku tisa zilikuwa zimepita. Wenye fedha walikodi trekta jingine. Wajane wawili wa kikundi, ambao waliitegemea zamu ya trekta letu, walilima kwa jembe la mkono robo tu ya mashamba yao.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Fundi wa kile kifaa alifungua kompyuta yake akatusomea kumbukumbu: katikati ya Agosti volti 12.2, katikati ya Septemba volti 11.8, Oktoba kifaa kikanyamaza. Taarifa ya betri yetu kufa ilikuwa imefika mjini miezi miwili kabla ya mvua. Hakuna aliyetupigia simu.

Enzi za simu ya waya

Betri ina umri mkubwa kuliko gari. Alessandro Volta wa Italia alitengeneza ya kwanza mwaka 1800, na jina la volti limetokana naye. Mwaka 1859 Gaston Planté wa Ufaransa akatengeneza betri ya risasi na asidi, ile inayoweza kuchajiwa tena. Hiyo ndiyo baba wa betri iliyo kwenye trekta lako leo. Imeboreshwa sana, lakini ndani bado ni risasi na asidi.

Hapa kwetu umeme wa betri ulitangulia umeme wa nguzo. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, reli ilienda pamoja na waya wa telegrafu. Stesheni ilipaswa kuiambia stesheni inayofuata kwamba treni imeondoka. Umeme wa kupeleka ujumbe ule ulitoka kwenye betri.

Sasa tazama jambo hili. Kulikuwa na namna moja ya telegrafu ambayo umeme ulipita kwenye waya muda wote, hata pasipo ujumbe. Waya ukikatika au betri ikiisha, umeme unasimama na sindano ya mtambo inaanguka. Mtu aliye mbali anajua saa hiyohiyo kwamba kuna tatizo. Huku ndiko kuiangalia betri ukiwa mbali kulikoanzia: ukimya wenyewe ulikuwa taarifa. Lakini kazi haikuishia kwenye kujua. Ilikuwepo ajira ya mtu wa kwenda kutengeneza, na asipokwenda aliulizwa.

Hendeli, stata na betri iliyosahaulika

Magari ya kwanza hayakuwashwa kwa ufunguo. Dereva au utingo alisimama mbele akazungusha hendeli kwa nguvu, na injini ikipiga kinyume ilivunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Tangu hapo injini ilianza kutegemea betri ili kuamka. Hata hivyo kwa miaka mingi magari na matrekta mengi yaliendelea kuwa na hendeli, na wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya huku Kilosa wanayakumbuka. Betri ikifa, mikono ya vijana ilikuwepo.

Leo hendeli imeondoka kwenye trekta na gari, hivyo betri ikifa chombo chote kimekufa. Halafu kuna mabadiliko ya pili ambayo wengi hawajayazingatia. Gari la zamani ukilizima, limezimika. La sasa ukilizima, bado kuna vitu vinakunywa umeme: saa, redio, alamu, kompyuta ya injini, na kifaa cha kufuatilia gari. Vinakunywa kidogo kidogo kama ndoo yenye tundu la sindano.

Tupige hesabu ya trekta letu. Kifaa kinachokula miliampia 30 kinamaliza ampia-saa 0.72 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni ampia-saa 21.6. Kwa miezi mitano ni ampia-saa 108. Betri yetu ilikuwa ya ampia-saa 100. Ongeza kwamba betri ya risasi hupungua yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na joto kama la Kilosa huharakisha. Kile chombo cha kulinda trekta kilikuwa kinakula betri ya trekta.

Redio na betri juu ya baiskeli

Kati ya reli na simu ya mkononi kuna miaka mingi ya redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vijijini kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Redio zile zilitumia betri kavu, na kila nyumba ilikuwa na mtaalamu wake. Sauti ikianza kukwaruza, mtoto anatumwa kuanika betri juani. Ilisaidia kidogo, siku mbili tatu.

Baadaye ikaja televisheni ndogo na taa za kutumia betri ya gari. Wengi wetu tulioko kwenye miaka ya thelathini tumewahi kuifunga betri nyuma ya baiskeli kuipeleka kwenye kibanda cha kuchajia mjini. Mwenye kibanda alikuwa na mita na aliijua kila betri kama daktari anavyomjua mgonjwa wake. "Hii ya mzee wako mwambie imechoka, sahani zimeisha." Kila betri ilipita mikononi mwa mtu anayejua kuipima, mara moja kwa wiki au mbili. Hatukuuita huo ufuatiliaji, lakini ndio uliokuwa ufuatiliaji. Vibanda vile vilipopungua, kupima kule nako kukatoweka.

Betri iliyoko angani

Wakati sisi tunaanika betri juani, wenzetu walikuwa wanasoma betri iliyoko mbali kuliko Ulaya. Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Ilipiga mlio wa redio kwa wiki tatu hivi, betri zikaisha, mlio ukakoma, na dunia yote ikajua.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa Kiswahili hichohicho chetu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Chombo cha namna hiyo hakina fundi wa kukipandia kwa ngazi. Lazima kitume chenyewe kwa redio hali ya betri na sola zake, na walioko chini wasome na kuamua kipi kizimwe ili betri isife. Kumbuka hilo la mwisho, kuamua kipi kizimwe, kwa sababu tutalihitaji.

Mnara, M-Pesa na sola juu ya paa

Teknolojia hiyo ilishuka vijijini kwa njia ya simu. Minara ya simu iliyosimama mahali pasipo umeme ilihitaji betri na jenereta, na hali ya betri hizo ikawa inatumwa na mnara wenyewe mpaka ofisini.

Kisha ikaja fedha kwa simu: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipofanya jambo ambalo dunia ilikuja kujifunza kwetu. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mkopo Kenya mwaka 2012, mteja akilipa kidogo kidogo kwa simu. Ndani ya kile kisanduku cha sola mlikuwa na laini ya simu. Ukilipa, inawaka. Usipolipa, inazimwa kutoka mbali. Mobisol ya Ujerumani ilifanya biashara ya aina hiyo hapa Tanzania, makao yake yakiwa Arusha, na mitambo yake ilituma taarifa za betri na sola ili fundi ajue kabla mteja hajalalamika.

Kwa hiyo yule mgeni wa Mikumi hana uchawi wowote. Betri ya mama ntilie aliyekopa sola ilikuwa inasomwa kutoka mbali zaidi ya miaka kumi iliyopita. Tofauti ni moja tu: gari la mgeni linamtumia taarifa mgeni mwenyewe. Sola ya mama ntilie ilituma taarifa kwa aliyemkopesha. Yeye aliona taa nyekundu na kijani, basi.

Na mwaka 2019 tulipata somo jingine. Mobisol iliishiwa uwezo wa kifedha huko Ujerumani, na mwaka huohuo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Safari hii mnunuzi alipatikana. Lakini jiulize: kifaa kinachotegemea kompyuta ya kampuni fulani, kampuni ikifungwa, nani atasoma betri yako?

Sasa imefika kwenye magari

Mabasi yetu ya abiria yana kifaa cha kufuatilia mwendo, na LATRA wanaona basi linakimbia kiasi gani. Matrekta na pikipiki za mkopo nazo zimefungwa vifaa vya kundi hilo. Vingi vinapima volti za betri ya chombo, kwa sababu kifaa chenyewe kinaishi kwa betri hiyo. Maana yake ni kwamba huenda taarifa unayoihitaji ipo tayari, inatumwa kila siku, ila haiji kwako.

Kuanzia telegrafu mpaka setilaiti, betri iliyoko mbali ilibaki hai pale tu palipokuwa na vitu vitatu: kipimo, mtu wa kupokea kipimo, na mkono wa kwenda kutenda. Yule mgeni alikuwa na vyote vitatu: kifaa chake, yeye mwenyewe, na mzee mwenye ngazi. Sisi tulikuwa na kifaa tu.

Ufanye nini

Kwanza, jua namba hizi za betri ya risasi ya volti 12. Pima injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa:

- 12.6 na kuendelea: imejaa.
- 12.4: imebaki kama robo tatu.
- 12.2: imebaki nusu. Hapa chaji, usisubiri.
- 12.0: imebaki kama robo.
- Chini ya 11.9: imekwisha. Ukiiacha hivyo kwa wiki nyingi, sahani za ndani hushika ukoko mgumu na betri haitapokea chaji tena. Ndicho kilichotukuta.

Pili, chagua njia kulingana na mfuko wako.

*Njia ya spana.* Kama chombo hakitumiki zaidi ya wiki tatu, fungua waya wa betri. Anza na wa hasi, wenye alama ya kutoa. Ukirudisha, huo uwe wa mwisho. Hii ndiyo "kuamua kipi kizimwe", na haina gharama. Lakini chombo kikiwa cha mkopo chenye kifaa cha kufuatilia, mjulishe kwanza mkopeshaji kwa maandishi, hata ujumbe wa simu. Ukikata umeme bila taarifa, kwake inasomeka kama wizi.

*Njia ya mita.* Mita ndogo ya fundi redio inatosha. Teua mtu mmoja, mpe daftari, apime kila baada ya wiki mbili na kuandika tarehe na volti. Mwenyekiti yuko Morogoro au Dar? Anatumiwa namba kwa ujumbe mfupi. Huo tayari ni ufuatiliaji wa mbali, na gharama yake ni ujumbe mmoja.

*Njia ya sola ndogo.* Paneli ya wati 10 hadi 20 yenye kidhibiti chaji inatosha kufidia kinachonyonywa chombo kikiwa bandani. Paneli iwe nje ya banda palipo na jua, na kidhibiti kisikosekane, la sivyo utaikaanga betri.

*Njia ya kifaa cha kutuma taarifa.* Vipo vya aina mbili, na wauzaji wengine huvichanganya. Cha bluetooth kinasomeka ukiwa hatua chache tu kutoka kwenye gari; kukinunua ili usome ukiwa Dar ni kutupa fedha. Chenye laini ya simu ndicho kinachotuma popote. Kabla ya kulipa uliza maswali manne. Kinakula miliampia ngapi kikiwa kimelala? Kinaweza kunitumia ujumbe mfupi wa kawaida, au lazima intaneti? Laini itahitaji kuongezewa salio mara ngapi? Na pale chombo kitakapolala, mtandao upo? Kwenye mabonde yetu mengine mtandao haufiki, na kifaa kinachohangaika kutafuta mtandao kinakula betri zaidi.

Tatu, kama umekopa chombo chenye kifaa, mwambie mkopeshaji akutumie na wewe taarifa ya betri. Iandikeni kwenye mkataba: volti zikishuka mpaka 12.2, mpige simu namba hii. Baada ya yale yaliyotupata, kikundi chetu kiliomba hivyo. Mwanzo tulijibiwa kwamba haijawahi kufanyika. Sasa ujumbe unakuja kwenye simu za katibu na mtunza bohari, wote wawili, maana mmoja akisafiri betri haimsubiri.

Nne, usalama. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka, hivyo chajia penye hewa, mbali na moto na sigara. Ongeza maji ya betri tu, usiongeze ya kisima. Na ile betri iliyokufa usiimwage shambani: risasi na asidi ni sumu kwa udongo, kwa kuku na kwa watoto. Iuze kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima.

Kabla ya mvua

Msimu uliofuata tulifungua waya wa betri mwezi wa saba baada ya kukubaliana na mkopeshaji, tukaweka paneli ndogo juu ya bati, na kijana mmoja akashika daftari. Novemba dereva aligeuza ufunguo mara moja tu. Wale wajane wawili tuliwaweka zamu ya kwanza.

Kama chombo chako kimelala tangu mavuno, usisubiri wingu. Nenda leo kakipime, na kama huna mita njoo nayo betri ofisini kwangu siku ya mnada, ninayo moja na kupima ni bure. Njoo pia na jina la mtu mmoja atakayekuwa anaiangalia mpaka mvua zinyeshe.